Muulize Shangazi: Mtoto anaelewa Kiswahili, anajibu Kiswidi

Mwezi huu barua zote tatu zimetoka Uswidi, sikupanga, imetokea tu, labda kwa vile baridi imeanza na watu wamejifungia ndani wanawaza. Wa nchi nyingine msininunie, zenu zipo toleo lijalo.

*Shangazi shikamoo. Nipo Göteborg mwaka wa sita huu, nina watoto wawili, wa kike ana miaka minne na nusu na mdogo wake wa kiume ana miezi kumi na moja. Tatizo langu ni huyu mkubwa. Mpaka anatimiza miaka miwili alikuwa anaongea Kiswahili vizuri tu, "nataka maji", "mama njoo uone", tena na lafudhi ya kwetu Tanga, nilikuwa namringia kwa watu. Alipoanza dagis, yaani chekechea ya huku, kikaanza kuyeyuka kidogo kidogo, saizi namsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi mwanzo mwisho. Anaelewa kila kitu, nikimwambia kalete nepi ya mdogo wako analeta, ila mdomo haufunguki. Jumapili tukimpigia mama kwa video anajificha nyuma ya kochi, mama anasema "mjukuu wangu ameshakuwa mzungu", nyumba nzima kule nyuma wanacheka, mi huku machozi yananilenga. Mume wangu anasema mtoto tunamchanganya, bora tumsemeshe Kiingereza kitamsaidia baadae. Na pale dagis kuna mfanyakazi aliniambia tukipumzishe Kiswahili kwanza mpaka Kiswidi kikae. Nifanyeje? Na huyu mdogo nae ndo atakuwa hivi hivi? Mama Wawili, Göteborg.*

Marahaba mwanangu. Kwanza futa machozi maana Kiswahili cha mwanao hakijaenda popote, mtoto anayeambiwa kalete nepi akaleta nepi ana Kiswahili, kipo stoo tu, hakijapewa kazi. Watoto wa huku wengi wako hivyo hivyo, wanasikia lugha ya nyumbani wanajibu kwa lugha ya nje, wala sio ugonjwa wala dharau. Mtoto anatumia lugha inayompa anachotaka bila kutoka jasho. We Kiswidi unakielewa, na yeye anajua unakielewa, sasa ahangaike kutafuta neno "mtindi" kwa nini?

Kuna watu watakushauri ujifanye huelewi Kiswidi mpaka aseme kwa Kiswahili. Mi nilijaribu hiyo kwa mwanangu wa kwanza miaka hiyo, nikajikausha siku mbili tatu hivi, siku ya nne tumepanda basi dereva kaniuliza kitu nimemjibu Kiswidi chenyewe safi, mtoto akaniangalia kama kakamata mwizi. Ikafia hapo. Usijifanye. Akisema kwa Kiswidi anataka maziwa, we pokea, mrudishie kwa Kiswahili na swali la kuchagua: "Unataka maziwa eeh, ya moto au ya baridi?" Hapo atalazimika kusema neno moja. Leo "moto", kesho kutwa "ya moto", wiki ijayo utasikia "ya moto lakini sio sana". Akikosea usimsahihishe kama mwalimu wa zamu, akisema "kiatu yangu imepotea" mwambie "kiatu chako kimepotea? haya tukitafute", kasikia kilicho sawa na hajaaibika.

Halafu huko nyumbani kwenu lazima uongee na mama, kwa adabu lakini uongee. Kile kicheko ndo kinamfunga mdomo mtoto. Mtu mzima akichekwa lugha anabaki na hasira, mtoto wa miaka minne anaamua tu hasemi tena, kamaliza. Mama hana nia mbaya, anatania kama bibi yeyote anavyotania mjukuu, ila mtoto hajakulia kwenye utani huo hivyo haujui. Acheni hiyo simu ya Jumapili ya watu kumi na mbili kwenye skrini moja. Mpigie bibi peke yake katikati ya wiki mkitoka dagis, dakika tano zinatosha, na mtoto awe na kitu cha kumpelekea, mchoro, boga alilookota, kidonda cha gotini (vidonda wanavipenda sana hawa). Bibi ampe paukwa, yeye aitikie pakawa, kitendawili, tega, haya mambo yana jibu lake tayari kwa hiyo mtoto hahitaji kutunga sentensi, anaitikia tu kama wimbo. Bibi hajui Kiswidi hata neno, na hiyo ndo faida yake kubwa, usimtafsirie kila kitu, waache wahangaike wenyewe kidogo.

Ila muwe makini na saa! Baridi Tanzania wako mbele yenu masaa mawili, kiangazi saa moja, halafu juu yake kuna saa zetu za Kiswahili. Bibi akisema "nitakupigia saa kumi na mbili jioni" hiyo kwa Göteborg wakati wa baridi ni saa kumi yenu, na saa ya ukutani inaonyesha 16. Mi mama yangu alishaniamsha usiku wa manane si mara moja.

Sasa mume. Mwambie Shangazi anamsalimia sana, na Kiingereza asikihangaikie, mtoto wa Uswidi Kiingereza anafundishwa kuanzia madarasa ya chini kabisa na filamu za wakubwa wanaweka maandishi hawaweki sauti ya Kiswidi, kitamfikia tu hata mkifunga madirisha. Kitu ambacho hakuna mtu mwingine Göteborg nzima atampa bure ni Kiswahili chenu. Na kuchanganya lugha kwenye sentensi moja sio kuchanganyikiwa, si hata sisi tunachanganya kutwa? Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kuongea. Kama ana tatizo la kuongea litaonekana kwenye lugha zote mbili, na nesi wa BVC, yaani kliniki ya watoto ya huku, huwa anawapima lugha wakiwa na miaka miwili na nusu au mitatu, mlipoenda mkaambiwa yuko sawa basi yuko sawa.

Na huyo mfanyakazi wa dagis alikosea, yawezekana kwa nia njema. Sheria ya elimu ya Uswidi inasema chekechea isaidie mtoto kukuza Kiswidi na lugha ya mama, zote mbili, kwa hiyo mkiitwa kwenye kikao cha maendeleo litaje hilo bila kugombana. Akifika shule ya msingi ana haki ya kuomba somo la lugha ya mama, wanaliita modersmål, mara nyingi kipindi kimoja tu kwa wiki. Masharti ni kwamba lugha inatumika nyumbani kila siku na mtoto awe ana msingi wake, na manispaa inalazimika kulitoa wakipatikana wanafunzi watano wanaolitaka na mwalimu anayefaa. Watano! Kwa hiyo anza sasa hivi kuwahesabu Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi wa mtaani kwenu wenye watoto wa rika hilo, hata yule ambae mlinuniana kwenye harusi.

Umeuliza kuhusu mdogo nimemwacha makusudi. Kawaida mtoto wa pili anapata Kiswahili kidogo kuliko wa kwanza kwa sababu dada mtu anamletea Kiswidi mpaka kitandani. Ila kwenu bado kuna nafasi, we upo likizo ya uzazi, huyo mdogo anashinda na wewe kutwa na anachosikia ni Kiswahili. Basi mwambie dada yake ukweli: "Mdogo wako Kiswidi hajui, ukimwambia kwa Kiswidi haelewi, mfundishe." Umfanye yeye ndo mkubwa anayejua. Amwambie usiguse, moto, njoo, shika, kaa. Utashangaa, mtoto aliyekataa kumjibu mama ataanza kumfokea mdogo wake kwa Kiswahili cha Tanga.

Kitu kingine kitamu, Kiswidi na Kiswahili kwenye ukoo vinaelewana kuliko Kiingereza. Mimi kwa Kiswidi ni faster, dada wa baba, ndo shangazi huyo huyo, na mjomba ana neno lake, morbror. Chora mti wa ukoo na mtoto muweke majina ya lugha zote mbili. Mtakwama kwa mama mkubwa na mama mdogo maana Wasweden wote wawili wanawaita moster, na mtakwama kwa bibi maana wenzetu wanatofautisha bibi mzaa mama na mzaa baba, mtoto atacheka.

Wangu wa kwanza nilichelewa. Alienda Korogwe ana miaka kumi na tisa, akakaa na mama yangu barazani wiki tatu wanashikana mikono tu wanatabasamu, anaelewa yote hawezi kusema. Aliporudi akajiandikisha mwenyewe darasa la Kiswahili la jioni. Mama alifariki mwaka uliofuata.

*Habari shangazi. Mtoto wetu ameanza dagis Agosti, kila wiki anaumwa, mafua, tumbo, macho. Mume wangu anasema kazini kwake hawezi kuomba ruhusa ya mtoto, hivyo nakaa mimi tu na bosi ameanza kuguna. Tuna haki gani? Nimechoka, Malmö.*

Pole, mwaka wa kwanza wa dagis ndo ulivyo, kila mafua ya mtaa yanapita kwenu. Hiyo ruhusa inaitwa vab, mnaomba Försäkringskassan, yaani ofisi ya bima ya jamii, inalipa karibu asilimia 80 ya mshahara (kuna kikomo kwa wenye mishahara mikubwa), siku mpaka 120 kwa mwaka kwa kila mtoto, kuanzia miezi minane mpaka anatimiza miaka 12. Toa taarifa siku ya kwanza ile ile, cheti cha daktari kinatakiwa kuanzia siku ya nane. Na ni haki ya baba vile vile, kazini kwake wameshawapa wanaume wengi kabla yake, mwambie kinachomzuia sio bosi. Wiki hii wewe, wiki ijayo yeye, andikeni kwenye kalenda ya jikoni.

*Shangazi, mimi ni baba mpya Uppsala, binti ana miezi mitatu. Hospitali wametupa matone ya vitamini D, mama mkwe kwa simu anasema mtoto anayenyonya hahitaji kitu. Pia naona watu wanalaza watoto nje kwenye baridi. Hii ni sawa kweli?*

Hongera baba! Matone mpe, matano kila siku mpaka atimize miaka miwili, na kwa ngozi yetu huwa wanashauri kuendelea hata baada ya hapo, muulize nesi wa BVC. Mama mkwe anasema ukweli wa kwake, kule jua linamwangazia mtoto bure, Uppsala mwezi wa kumi na mbili saa tisa mchana giza limeshaingia. Mwambie ni badala ya jua, ataelewa.

Kulala nje ni mila yao ya siku nyingi, mtoto anafungwa vizuri kwenye kigari na mtu yupo karibu anamwangalia. Sio lazima. Ila akianza dagis watamtoa nje mvua ije theluji ije, kwa hiyo ovaroli nzuri ndo pa kuweka hela, nunua ya mtumba, watoto wengi inawabana kabla haijachakaa, chukua namba moja juu. Na andika jina kwenye lebo kwa kalamu isiyofutika, pale kwenye ndoano utakuta za bluu nane zinafanana.