Mashamba yetu yameonekana Hispania

SWALI: Mimi ni katibu wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika) ya kahawa, Moshi Vijijini. Mnunuzi wa Ujerumani alitaka pointi za GPS za mashamba ya wanachama. Tumempelekea zaidi ya 300, nyingi zimekataliwa, na baadhi anasema ziko Hispania. Tumekosea wapi?

JIBU: Katibu, la Hispania ndilo jepesi. Chukua shamba lenye latitudo -3.351284 na longitudo 37.342916. Namba hizo zikibadilishana nafasi, shamba linaangukia Granada. Alama ya kutoa ikidondoka, linahamia jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, na huko hakuna mti wa kahawa. Kosa huingia pale jedwali linapogeuzwa kuwa faili la ramani la GeoJSON, ambalo hutanguliza longitudo. Fungueni faili kwenye ramani kabla ya kulituma.

Sheria ya Umoja wa Ulaya 2023/1115, inayozuia mazao yaliyotokana na ufyekaji wa misitu, inataka tarakimu sita baada ya nukta. Mkikadiria hadi tatu, pointi huweza kuhama mita 50 na ushei, na kwa vihamba vyetu, mashamba madogo ya nyumbani, hapo ni kwa jirani. Kujazia sifuri si dawa: mtu arudi shambani, asimame pasipo matawi mazito, asubiri simu itulie. Shamba lisilozidi hekta 4, kama ekari 10, pointi moja inatosha. Likizidi, pimeni mpaka wote.

Kazi iko kwenye kivuli. Sheria inakataa kahawa kutoka ardhi iliyofyekwa msitu baada ya 31 Desemba 2020. Kihamba chenye migomba na migrevilea, miti ya kivuli na mbao, kikitazamwa na setilaiti, huonekana msitu. Mzee akiangusha migrevilea minne ya mbao mwaka 2022, ramani inasoma ufyekaji. Kisheria kilimo mseto si msitu, ila lazima muonyeshe: picha za setilaiti za kabla ya 2021, picha za mashina ya mibuni mikongwe, na barua ya ofisi ya kijiji.

Msikubali jibu la "zimekataliwa" peke yake. Wajibu wa kisheria ni wa mwagizaji, basi awape sababu shamba kwa shamba.

Msimu ukifika, tengeni kahawa kuanzia kwenye mizani. Gunia moja la maganda lisilo na pointi likimwagwa kwenye rundo, rundo zima halina njia ya Ulaya, hata kama mengine yote ni safi. Namba ya mkulima iandikwe kwenye stakabadhi na kwenye gunia.