Kupiga bandi mfarishi mkubwa kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi

Mara ya kwanza nilitoa kitanda nje. Nilikifungua chote, mbao nikaziegemeza koridoni, godoro nikalisimamisha mlangoni. Mama wa nyumba ya pili akapita na ndoo zake: "Mama Kevo, kwani mnahama usiku?"

Sikuwa nahama. Nilikuwa natafuta sakafu. Mfarishi wenyewe, wa vipande vya vitenge, ulikuwa wa kitanda cha tano kwa sita: mita 2.05 kwa 2.3. Chumba chetu hapa Umoja, Nairobi, ni futi 10 kwa 10, kwa hiyo ukitoa kitanda sakafu unaipata, lakini wewe mwenyewe huna pa kukanyaga. Nilitambaa juu ya kitambaa kwa magoti jioni nzima. Nilipouinua mfarishi, mkeka wa plastiki ukaja nao. Nilikuwa nimeushona pamoja. Na hilo lilikuwa dogo. Makunyanzi ya bitana niliyaona baada ya kumaliza cherehani, mengine yamekunjika na kushonewa ndani kama vifuko. Kufumua kulichukua wiki.

Kama hujawahi, bandi ni ule mshono mrefu wa muda unaoshika matabaka matatu, yaani uso, pamba na bitana, mpaka umalize kushona. Haurukwi. Meno ya cherehani huvuta kitambaa cha chini huku mguu wake ukikandamiza cha juu, basi matabaka hayaendi mwendo mmoja. Bila bandi nzuri, moja litateleza tu.

Nilichogundua ni kwamba huhitaji kuuona mfarishi wote kwa wakati mmoja. Unahitaji kuona nusu mita yake, ikiwa imelala vizuri, juu ya meza. Njia niliipata kwenye video za Mmarekani Sharon Schamber, anayetumia mbao mbili ndefu. Mimi nilinunua zangu soko la Gikomba, nyembamba na bapa, za futi saba na nusu, nikazipiga msasa mpaka zikaacha kushika uzi. Usichukue fito ya duara: itabiringika yenyewe na kukumwagia kila kitu chini. Kuzipandisha ngazi hadi orofa ya nne ni hadithi ya siku nyingine.

Meza yangu ni ya mita 1.2. Nikaomba ya yule yule jirani, nikaziunga kichwa kwa kichwa kando ya kitanda. Ndiyo, kitanda kilibaki mahali pake, na kikawa na kazi: kubeba mzigo unaongoja zamu.

Bitana iandae kwanza. Kitenge cha yadi sita ni kama mita 5.5. Kata vipande viwili vya mita 2.5, viunge ubavu kwa ubavu, mshono uufungue kwa pasi. Utapata upana wa mita 2.25 hivi, na hiyo inakuachia karibu sentimita 10 za ziada kila upande. Usizionee uchungu sentimita hizo, kitambaa husogea. Kwa tabaka la katikati mimi hutumia blanketi jepesi la mtumba, ila lazima lifuliwe kwanza ili kama ni kurudi, lirudi kabla.

Piga pasi, kunja kila tabaka katikati kwa urefu ili alama ya mkunjo ibaki. Zungushia bitana kwenye ubao mmoja na uso kwenye wa pili, polepole, bila kuvuta. Blanketi halizungushwi, linalala kitandani. Kisha fungua kipande cha nusu mita: bitana kifudifudi mezani, blanketi juu yake, uso juu ya vyote. Katikati ya meza bandika kijiti cha kiberiti kwa selotepu. Utakihisi kwa kidole hata kupitia matabaka yote, na hapo ndipo mikunjo mitatu ikutane kila unapovuta. Kijiti hicho kimenisaidia kuliko futi yoyote ya fundi.

Ukifanya sakafuni, utaambiwa anza katikati kwenda nje, na ni kweli. Kwa mbao unaanza mwisho mmoja kwenda mwingine, kwa sababu kilichobaki tayari kimenyooshwa kwenye ubao. Bana ukingo wa bitana mezani kwa vibanio vya nguo, laini tu, usiikaze kama ngoma. Ikikazwa, ukiiachia itarudi na kukunja kila kitu. Shona mishono ya sentimita nne au tano, mistari ikiachana kwa upana wa kiganja. Kisha vuta kuelekea kwako, kilichokwisha kishuke mapajani, fungua kingine. Kwa mfarishi huu ni mara tano au sita.

Pini za nepi badala ya uzi? Nilipiga hesabu: kila sentimita 10 pini moja, ni zaidi ya 400. Uzi mmoja wa cherehani unatosha na kubaki. Uwe wa rangi nyepesi, maana mwekundu unaweza kuchuja, lakini uonekane vizuri kwenye vitenge vyako wakati wa kufumua. Ncha ya sindano ipokee kwa kijiko cha chai, uinue nacho. Kidole chako cha shahada kitakushukuru kesho yake. Gundi ya kunyunyizia sitaizungumzia sana. Chumba chenye dirisha moja, na mtoto amelala humo humo? Hapana.

Paa la ploti, pale pa kuanikia nguo, nililijaribu pia. Upepo wa Julai ulinifundisha adabu ndani ya dakika kumi.

Meza ya jirani huirudisha na sahani ya chapati juu. Sasa mwenyewe ananiuliza mfarishi unaofuata ni lini.