Usivuke kwenda Wete na hiyo 087 yako

Mkuu, subiri kwanza. Umeandika kwamba ramani inakupa mwelekeo wa digrii 090 kutoka Tanga hadi Wete, Pemba, tofauti ya sumaku (yaani kaskazini ya dira inavyopishana na ya ramani) uliyoisoma ni digrii 3 magharibi, kwa hiyo Jumamosi utashika 087 kwenye dira. Halafu ukauliza dira ya aina gani inafaa boti ya faiba, na kama ramani ya zamani bado inatumika.

Hiyo 087 naijua. Niliishika mimi, nikaikosa Pemba. Sisemi Wete, nasema Pemba, kisiwa chenye urefu wa kilomita 60 na ushei. Anayetaka kucheka acheke tu, nyumbani walishanimaliza. Mpaka leo nikitumwa sokoni naulizwa kama nitapaona.

Hesabu ni fupi. Ukitoka kwenye ramani kwenda kwenye dira, tofauti ikiwa magharibi unajumlisha, ikiwa mashariki unatoa. Ukisoma dira ukataka kurudi kwenye ramani, unageuza. Kwa hiyo 090 yako ni 093, siyo 087. Ukishika 087 unakwenda 084 halisi, yaani ya kwenye ramani, umekosea digrii 6. Na kosa la digrii 1 kwa maili 60 za baharini ni kama maili 1 pembeni, basi kwa maili 37 hivi za kwenda Wete umeshatupwa karibu maili 4 kaskazini, na mkondo haujakugusa bado.

Mimi hiyo "toa" niliipata kwenye video ya bwana mmoja wa Seattle. Anaeleza vizuri, ana kofia na kila kitu. Kumbe kwao tofauti ni mashariki, digrii 15 hivi, akitoa anafika. Mie mtu wa Sahare, Tanga, nikatoa naye.

Lakini digrii 6 zingenichelewesha tu. Kilichonimaliza ni spika.

Fundi aliyenifungia dira aliiweka juu ya kibao mbele ya usukani, kisha shubiri mbili mbele yake akafunga spika ya redio. Nilimuuliza, na kwa mdomo wangu huu, "Hii haitaisumbua dira?" Akanijibu, "Dira ni dira bwana, yenyewe inajua kaskazini." Akageuza boti pale gatini, omo, yaani mbele ya boti, ikatazama kaskazini, dira ikasoma sawasawa, akadai na hela ya kuijaribu. Nikampa! Nikamwongezea na ya soda!

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo watu wanapoliwa. Nyuma ya spika kuna sumaku. Kwangu ilikuwa imekaa mbele ya dira moja kwa moja, kwa hiyo nikielekea kaskazini inavuta kwenye mstari uleule wa sindano, huoni kosa lolote. Nikigeuka mashariki inavuta kwa ubavu. Baadaye nilipopima nikakuta imeipotosha dira digrii 9 magharibi. Yaani dira inasoma 087, bila spika ingesoma 078, na kwenye ramani ni 075. Digrii 15 nje! Peke yake hiyo ni maili 10 kaskazini mwa Wete, na ilikuwa Julai, kusi limeshika, mkondo wa mlango wa Pemba nao unasukuma kaskazini.

Tulitoka Deep Sea, diko la wavuvi pale Tanga, saa kumi na moja alfajiri na magunia 22 ya machungwa ya Muheza. Manyunyu, mbele huoni kitu. Simu yenye ramani ndiyo iliyokuwa ikipiga taarabu kwenye hiyohiyo spika, ikaisha chaji kabla jua halijatoka. Ilipofika saa nne, saa ya kuwa tunafunga kamba Wete, mawimbi yakabadilika. Yakawa marefu, yanakuinua taratibu kama mtu anayekupima uzito. Kijana wangu akasema, "Baba, ule si mnara?" Nikatazama mbele. Akaniambia, "Nyuma, baba, kulia." Ulikuwa mnara wa Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba, tumeshaupita. Mbele yetu bahari kuu tu.

Kurudi ilikuwa dhidi ya upepo na mkondo. Tulimwaga magunia 14 ili boti inyanyuke. Machungwa yalielea nyuma yetu msururu mrefu, hayazami, kama yanatusindikiza. Petroli tuliuziwa na wavuvi kwa bei ya kukomoana, na ningekuwa mimi ningewauzia ghali zaidi. Tuliingia Wete jua linazama, tajiri akaonja chungwa moja lililolowa maji ya chumvi, akatema.

Kwa hiyo sharti langu ni moja: dira ipimwe ndani ya boti yako, kwa upande utakaoelekea, kila kitu kikiwa mahali pake na kimewashwa. Injini, redio, kisanduku cha spana, nanga, hata simu. Nenda ghubani upande wa Kisiwa cha Toten, maji yakiwa yametulia, yamemaliza kujaa na hayajaanza kupwa. Elekea mashariki dakika mbili bila kuyumba, soma dira, soma na mwelekeo wa GPS. GPS ikiwa imewekwa kaskazini halisi, ongeza 3 yako. Kinachotofautiana na dira ndicho mkengeuko wa boti yako. Rudia pande nane, maana kila upande una namba yake, uandike kwenye kibao karibu na usukani. Usipime upande mmoja gatini ukampa mtu hela ya soda.

Nilipoing'oa spika, ile 9 ilibaki 1. Dira ni ileile, sikununua nyingine.

Kwenye picha uliyoweka naona kitu cheusi cha duara kushoto kwa usukani. Hicho ni nini, mkuu?