Mwanangu, haikuwa bei ya chai

Mwanangu, salamu kutoka huku Tanga, sisi wazima, baba yako goti linamsumbua ila anatembea mpaka msikitini na kurudi. Meseji yako niliiona juzi usiku nikashindwa kujibu kwa mkato, na kutuma sauti huku mtandao unakatakata, kwa hiyo nimekaa naandika, soma ukiwa umetulia.

Umesema wenzako wa kazini walikupeleka pale bandarini Boston mkaoneshwa meli na makasha ya chai, na yule anayewatembeza akasema ile sheria ya chai ya Bunge la Uingereza ya 1773 ilifanya chai ishuke bei. Ukaniuliza, "Mama umefundisha historia miaka yote ile, sasa Wamarekani waliingiaje vitani na Uingereza kwa chai iliyoshuka bei?" Baba, umeuliza swali ambalo darasa zima langu lilikuwa halilioni. Walikuwa wanakariri tu kwamba walikataa kodi bila kuwa na wawakilishi, wanaandika kwenye mtihani, maksi wanapata, basi.

Ianzie kwenye deni. Uingereza ilipigana na Ufaransa miaka saba, ikamaliza 1763 imeshinda, imechukua Kanada, ila deni lake limekaribia kuwa mara mbili ya lilivyokuwa. Na bado wanataka kuweka askari kama 10,000 kwenye makoloni yao kule Amerika. Wakubwa wa London wakasema hawa watu wa makoloni tumewapigania, nao wachangie. Na nikwambie ukweli, ukiangalia kiasi tu walikuwa na hoja, maana Mwingereza wa kawaida kwao alikuwa analipa kodi kubwa kwa mbali kuliko mtu wa Boston. Ingekuwa shida ni ukubwa wa kodi basi wa kuasi alikuwa yule wa London.

Ila kuna kitu watu wa makoloni walikuwa nacho ambacho wenyewe walikiona ni haki yao ya kuzaliwa. Kila koloni lina baraza lake, wanachaguana (wanaume wenye mali, siyo kila mtu), na hilo baraza ndo linapanga kodi za pale. Sasa gavana kwenye makoloni mengi analetwa na mfalme, lakini mshahara wake unapitishwa na baraza la pale pale, kwa hiyo akitaka kula inabidi awasikilize. Shika hapo kwenye mshahara wa gavana, nitaparudia.

Halafu ona hii, chai haikuwa mara ya kwanza ushuru kushuka na watu wakakasirika. 1764 Bunge la London lilishusha ushuru wa molasi, ule uji mzito wa miwa, ya kutoka visiwa vya mataifa mengine, toka peni 6 kwa galoni mpaka peni 3. Nusu nzima! Na kelele zikaanza. Kwa nini? Kwa sababu zile peni 6 hakuna aliyekuwa anazilipa kwa ukweli, ilikuwa magendo na kumpoza mtu wa forodha kidogo, maisha yanaenda. Sasa safari hii forodha imekuja na meno, na ukikamatwa unaweza kupelekwa mahakama ya mambo ya bahari ambako hakuna wazee wa baraza wa kukusikiliza, ni jaji peke yake. Na sheria yenyewe iliandikwa wazi kwamba lengo ni kukusanya mapato, siyo kupanga biashara kama zamani. Watu wakaona huu mkono mpya mfukoni.

1765 ikaja sheria ya stempu, yaani muhuri wa kodi unaoulipia kwenye karatasi. Hii ilikuwa kosa kubwa la akili maana iligusa watu wenye kalamu na midomo, wanasheria, wachapa magazeti, wenye vilabu vya pombe. Gazeti stempu, hati ya kiwanja stempu, leseni stempu, mpaka karata na dadu. Boston tarehe 14 Agosti wakatengeneza sanamu ya Andrew Oliver, yule aliyepewa kazi ya kugawa stempu, wakaitundika kwenye mti, jioni wakaivunja nyumba yake kiasi, na mwenyewe akaahidi kuiacha kazi. Siku chache mbele wakaenda kubomoa nyumba ya Thomas Hutchinson, naibu gavana, wakamwaga mpaka karatasi zake barabarani, na hilo sikuwahi kulisifia darasani na silisifii leo. Ila ilipofika 1 Novemba siku ya sheria kuanza, wa kuuza stempu karibu hakuna. Makoloni tisa yalishakutana New York kuandika malalamiko, na wafanyabiashara wa London nao wanalia kwamba oda zimekatwa. Machi 1766 ikafutwa.

Watu wakapiga kengele na kuwasha mioto ya furaha. Lakini siku hiyo hiyo Bunge lilipitisha sheria nyingine inayosema lina mamlaka ya kuyatungia makoloni sheria kwenye jambo lolote lile. Yaani tumekuondolea mzigo ila kumbuka kichwa ni chetu, tutakutwisha tukitaka. Mimi nikifundisha hapa nilikuwa naacha chaki naenda kusimama katikati ya darasa, maana mgogoro wote umo humo na wengi wanaupita.

1767 wakajaribu tena, ushuru wa kioo, madini ya risasi, rangi, karatasi na chai. Na pesa zake za nini? Za kulipa magavana na majaji. Umeona? Ule mshahara. Gavana akilipwa na pesa ya forodha hana tena haja ya kulisikiliza baraza.

Ngoja nikupe la nyumbani ulielewe zaidi. Unakumbuka nilivyokuwa nauza khanga jioni baada ya shule ulipokuwa darasa la nne la tano. Lile soko lilikuwa na kamati ya wauzaji, na wakubwa wakitaka kupandisha ushuru lazima wakae na kamati, na choo kikiharibika kamati inasema ushuru hatutoi mpaka kitengenezwe, na kinatengenezwa. Siku moja tukakuta karatasi ukutani, ushuru umepungua, ila kamati imevunjwa, kuanzia leo kila mtu atoe kwa mkusanyaji. Mwanangu watu walichachamaa siku ile kuliko mwaka ambao ushuru ulipanda! Mama mmoja wa nazi alisema wametupunguzia shilingi wametuchukulia mdomo. Nimefundisha mapinduzi ya Marekani miaka mingi na sijawahi kupata maelezo mafupi kuliko ya yule mama.

Basi Boston na wenzao wakagomea bidhaa za Uingereza. Wanawake ndo waliubeba ule mgomo, wanakaa vikundi wanasokota nyuzi na kufuma nguo zao wenyewe, na chai wanaacha wanakunywa majani ya kienyeji. 1768 wakaletewa askari mjini. Askari wamekaa katikati ya watu, wengine wanatafuta vibarua muda wa mapumziko wanagombea kazi na wenyeji, ugomvi kila siku, mpaka 5 Machi 1770 wakafyatua risasi kwenye kundi la watu, wakafa watano. Mmoja alikuwa Crispus Attucks, baharia, mtu mwenye asili ya Afrika na ya wenyeji wa Amerika. Hao askari walitetewa mahakamani na John Adams, ambaye baadaye akawa rais wa pili, na wengi wakaachiwa. Nampenda kwa hilo, kwamba katikati ya hasira ile walikubali kesi isikilizwe.

Mwaka huo huo Bunge likafuta ushuru wote ule isipokuwa wa chai, peni 3 kwa ratili. Waliubakiza kwa makusudi, kama kigingi cha kuonesha kiwanja cha nani. Na mambo yakapoa kweli kama miaka mitatu hivi.

Sasa ndo tunafika kwenye meli zako. Kampuni ya India Mashariki, kampuni kubwa ya biashara ya Uingereza, ilikuwa inaelekea kufilisika, maghala ya London yana ratili kama milioni 17 za chai hazijauzwa. Bunge 1773 likairuhusu ipeleke chai Amerika moja kwa moja bila kulipa ushuru wa London, na iuze kwa mawakala iliowachagua yenyewe. Kwa hiyo kweli bei ilishuka, hata ile ya magendo ilikuwa inashindana nayo kwa shida. Ila kila ukinunua unatoa zile peni 3, na ukishazitoa kwa hiari yako umekubali kigingi. Ule unafuu ndo ulikuwa mtego! Halafu wafanyabiashara wa pale wakaona leo chai imepewa kampuni moja, kesho kitu gani. Na wa magendo nao soko lao limekufa, sitakuficha, wamo nao kwenye ile hasira.

Meli zilikuwa Dartmouth, Eleanor na Beaver. Sheria inasema ushuru ulipwe ndani ya siku 20 la sivyo forodha inachukua mzigo, na gavana, yule yule Hutchinson aliyebomolewa nyumba, akakataa meli zirudi na mzigo wake. Usiku wa 16 Desemba, siku moja kabla muda haujaisha, wanaume waliojivika kama Wamohawk, kabila la wenyeji wa Amerika, wakapanda wakamwaga makasha 342, zaidi ya tani 40 za chai, baharini.

Hata hapo haikuwa vita baba. Wengi wa makoloni mengine waliona Boston wamezidisha. Kilichofanya iwe vita kwa maoni yangu ni adhabu. 1774 London ikafunga bandari nzima ya Boston mpaka chai ilipwe, kwa hiyo aliyemwaga na asiyemwaga wote njaa. Ikabadilisha katiba ya Massachusetts, koloni lenyewe la Boston, baraza la juu likawa la kuteuliwa na mfalme, mikutano ya miji mpaka ruhusa ya gavana, na gavana mpya ni jenerali wa jeshi, Thomas Gage. Mtu wa Virginia, koloni jingine kabisa, ambaye chai ile haikumhusu akajiuliza, kama wameweza kule kwangu itawashinda nini? Septemba makoloni 12 yakakutana Philadelphia.

Na risasi za kwanza, 19 Aprili 1775 kule Lexington na Concord, hazikuhusu kodi hata kidogo. Askari walikuwa wanakwenda kuchukua silaha na baruti za mgambo. Lexington wakafa wenyeji wanane asubuhi ile, na njia nzima ya kurudi Boston askari wakawa wanapigwa toka nyuma ya kuta za mawe. Miezi mitatu baadaye viongozi bado wanamwandikia mfalme barua ya kuomba amani, naye hakuipokea, akatangaza ni waasi. Ukisoma lile tangazo la uhuru la Julai 1776 lina malalamiko 27, kodi bila ridhaa ni moja tu katikati huko, mengine mengi ni mabaraza kuvunjwa, majaji kutegemea mfalme kwa mshahara, majeshi kuwekwa wakati wa amani. Vita vyenyewe vilikwenda mpaka Waingereza waliposhindwa Yorktown 1781, mkataba wa amani 1783, hayo utayasoma mwenyewe.

Kuna jambo linaniuma na sitaki ulipite. Hawa watu walikuwa wanaandika kwamba kutozwa bila ridhaa ni utumwa, na wakati huo karibu mtu mmoja kati ya watano kwenye makoloni yale alikuwa mtumwa kabisa. 1773, mwaka wa chai, watumwa wa Massachusetts walipeleka ombi lao la uhuru kwenye baraza lile lile lililokuwa linagombana na London, na halikuwasaidia.

Jumapili ukipata nafasi nenda pale makaburi ya Granary, mtaa wa Tremont. Attucks na wenzake wamezikwa hapo, jiwe lao liko karibu na la Samuel Adams, mmoja wa viongozi wa upinzani wa Boston. Nipigie picha ya maandishi yake vizuri yasomeke, nataka kuiona kwa macho yangu.

Mama yako.