Jibu: Kusimba vipimo kwenye kifaa chenye kilobaiti 2 za kumbukumbu

Ndugu, umeuliza kama kifaa chako cha kupima joto la maji katika shamba la mwani hapa Tanga, kinachotumia chipu ya ATmega328P yenye kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya muda, kinaweza kusimba vipimo, yaani kuvigeuza kuwa siri isiyosomeka bila ufunguo, kabla ya kuvirusha kwa redio. Kinaweza. Ningeanza na maktaba ya programu iitwayo Monocypher, ambayo ni ndogo na haihitaji mfumo endeshi. Inatumia ChaCha20, njia ya kusimba isiyotegemea majedwali makubwa, pamoja na Poly1305, njia ya kuthibitisha ujumbe inayoambatanisha muhuri wa baiti 16 ili mpokeaji agundue ujumbe uliochezewa. Sehemu ya kubadilishana funguo iache, maana ni nzito kwa chipu ya biti 8. Weka ufunguo wa siri wa pekee katika kila kifaa kabla hujakipeleka baharini.

Ninalokusihi ulizingatie zaidi ni namba ya matumizi ya mara moja, inayotumika pamoja na ufunguo kusimba kila ujumbe, kwa sababu ikirudiwa chini ya ufunguo uleule, anayenasa mawimbi anaweza kulinganisha jumbe hizo mbili na kupata fununu za yaliyomo, na hata kughushi muhuri. Kihesabio kinachotoa namba hizo, kikiwa kwenye kumbukumbu ya muda, hurudi sifuri betri inapokatika. Kwa hiyo, hifadhi kikomo cha mbele, yaani namba ambayo kihesabio hakijaifikia bado, katika EEPROM (kumbukumbu ya chipu isiyofutika umeme ukikatika) kila baada ya jumbe 100, na kifaa kikiwaka upya kianzie kwenye kikomo hicho. Utapoteza namba chache, lakini hakuna itakayorudiwa, wala EEPROM haitachakaa mapema.