Barua kwa mwanangu: mpiga besi na jina lake

Marahaba, mwanangu.

Umeniuliza mambo mawili kwa mpigo, na naona la pili ndilo linalokukereketa. La kwanza, umeitwa studioni ukapige besi kwenye albamu ya mtu kwa malipo ya mkupuo: uende au usiende? Nenda. La pili, mimi baba yako nimepiga besi kwenye nyimbo za watu ujana wangu wote na jina langu halimo kwenye kava: haliniumi? Hilo ndilo lililonikalisha chini niandike.

Linaniuma, ila si kwa namna unayodhani. Kwamba wasikilizaji hawanijui, silijali hata kidogo. Besi ndiyo inayowainua watu vitini, lakini wakifika nyumbani wanaimba maneno ya mwimbaji, na sioni ubaya. Kinachoniuma ni karatasi. Jina lisipoandikwa siku ya kurekodi, pesa zinazokuja baadaye hazina njia ya kumfikia mpigaji.

Mtazame James Jamerson wa Detroit. Nyimbo nyingi za kampuni ya rekodi ya Motown za miaka ya 1960 unazozipenda, besi ni yake, na alikuwa akizipiga kwa kidole kimoja tu cha shahada. Wenzake walikiita Ndoano. Majina ya wapigaji yalikuwa hayaandikwi. Ilikuwa mpaka 1971, kwenye albamu ya Marvin Gaye, What's Going On, ndipo yeye na wenzake walipotajwa kwenye kava. Mwaka uliofuata kampuni ikahamia Los Angeles. Alifariki 1983, na Rock and Roll Hall of Fame, jumba la Marekani la kuwaenzi wanamuziki, wakamkumbuka mwaka 2000. Carol Kaye, mpiga besi mwingine wa studio, yeye aliikataa heshima hiyo hiyo mwaka 2025 akiwa hai, na kusema kweli nilicheka kwa furaha. Huyo mama mwanzoni alikuwa mpiga gitaa. Mwaka 1963 mpiga besi hakutokea kazini, akashika besi yeye, na tangu hapo simu hazikukatika.

Sasa uelewe sheria inavyoitazama kazi yako. Mwaka 1972 Herbie Flowers aliitwa kupiga kwenye wimbo wa Lou Reed, Walk on the Wild Side. Akapiga besi kubwa ya kusimama, kisha akarekodi gitaa la besi juu yake, na ile besi mbili inayoteleza ndiyo inayoufanya wimbo utambulike kabla mtu hajafungua mdomo. Alilipwa mara mbili, kwa kuwa vyombo vilikuwa viwili. Basi. Mirabaha ya utunzi ni ya mtunzi, na mstari wa besi uliobuni mwenyewe studioni kwa kawaida hauhesabiwi kuwa utunzi. Unaweza kulia juu ya hilo, mimi nilishazoea.

Kuna pesa nyingine, na hiyo ndiyo usiiache: ya hakishiriki, yaani haki ya waliopiga na kuimba kwenye rekodi. Mkataba wa Roma wa 1961 uliweka msingi kwamba wimbo uliorekodiwa ukirushwa hewani, waliouimba na kuupiga nao wanaweza kulipwa, si mtunzi peke yake. Nchi nyingi zinafuata. Marekani redio za kawaida haziwalipi wapigaji hadi leo, ila redio za intaneti zinalipa: asilimia 50 kwa mwenye rekodi, 45 kwa msanii mkuu, na 5 kwa wapigaji na waitikiaji wengine wote. Tano ni kidogo, najua, lakini wimbo ukipendwa hiyo tano inakuja miaka na miaka, mradi wanaogawa pesa wawe na jina la mpigaji wa kumpelekea. Kwa hiyo kabla hujafunga besi yako kwenye begi, hakikisha fomu ina jina lako kamili, chombo ulichopiga, jina la wimbo na tarehe. Usimwachie prodyuza akuandikie kesho.

Upigaji wenyewe sina wasiwasi nao, ila nikunong'oneze kitu. Kwenye hedifoni omba mwimbaji na dramu ya mguu vipandishwe, gitaa lishushwe. Kisha sikiliza noti yako inapokatika. Wengi wanahangaika na mahali inapoanzia tu. Noti ikiendelea kuvuma pale mpiga dramu anapogonga sneya, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, wimbo mzima unalegea na hakuna atakayejua kwa nini. Ikate kwa kiganja au inua kidole cha kushoto nusu tu, utasikia chumba kizima kinakaa sawa. Prodyuza akikuambia "punguza", mara nyingi hamaanishi sauti, anamaanisha noti.

Jifunze pia kusoma kordi kwa namba, 1, 4, 5, yaani nafasi yake kwenye ufunguo badala ya jina lake, kama wanavyofanya wapigaji wa Nashville, Marekani. Mwimbaji akisema leo sauti haipandi, mnashusha ufunguo na karatasi haibadiliki. Nyuzi za akiba na betri, hayo unayajua.

Usije ukadhani mpigaji wa kuitwa lazima awe kivuli. Danny Thompson, Mwingereza aliyepiga na bendi ya Pentangle, alikuwa na besi ya kusimama aliyoiita Victoria, na alikwenda nayo kila mahali. Ukisikiliza Five Leaves Left ya Nick Drake ya 1969, au Solid Air ya John Martyn ya 1973, ile besi inazungumza na mwimbaji, wala haimfuati kwa nyuma. Walimwita kwa sababu walimtaka yeye. Lakini alifika huko kwa kusikiliza kwanza, na wewe una haraka kidogo, umeirithi kwa mama yako.

Huo mkataba wa albamu nitumie niusome kabla hujasaini, hasa pale wanapoandika kwamba malipo ya mkupuo "yanamaliza madai yote". Wakisema hakuna mkataba, watumie wewe ujumbe mfupi: nyimbo ngapi, siku gani, hela mliyoelewana, na kwamba jina lako litaandikwa. Wakijibu "sawa", uhifadhi. Mama yako anakusalimu, anauliza kama bado unapiga bila kuweka pamba masikioni.

Baba yako