46B24L: namba na herufi za betri ya gari zina maana gani?

SWALI: Shikamoo fundi. Betri ya Fielder yangu imekufa, imeandikwa 46B24L. Dukani nimeuziwa 46B24R, muuzaji anasema ni ileile na kwamba 46 ndiyo Ah. Pia alinionyesha nyingine yenye CCA kubwa, bei juu. Ipi inanifaa? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Hiyo ya R irudishe kabla hujaifunga.

Herufi ya mwisho inakuonyesha chanya iko upande gani. Iweke betri vichwa vikiwa karibu nawe: chanya ikiwa kulia ni L, ikiwa kushoto ni R. Waya za gari lako zimepimwa kwa L. Ukilazimisha R, zitavutwa mpaka zisuguane na bodi, au mtu mwenye haraka atabana waya wa chanya kwenye hasi. Nimewahi kuletewa gari lililofanyiwa hivyo: fyuzi kuu imeungua, daiodi za altaneta zimekufa. Matengenezo yalizidi bei ya betri. Ukiona LS, vichwa ni vinene na klempu zako hazitaingia.

Hiyo 46 si Ah, yaani kiasi cha umeme ambacho betri inahifadhi. Ni daraja la nguvu katika mfumo wa Kijapani. Imetokea tu kukaribiana na Ah ya betri hii, ambayo ni kama 45 ikipimwa kwa kumaliza chaji taratibu kwa saa 20, na 36 ikimalizwa kwa saa 5. Tazama 55D23L: Ah yake ni kama 60 kwa saa 20. B ni upana na kimo cha boksi, 24 ni urefu kwa sentimita. Kwa hiyo 55B24L utaifunga bila shida, ila 55D23L ni nene, trei yako haiipokei.

CCA, yaani nguvu ya betri kuwasha injini kwenye baridi, hupimwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, baridi ambayo huku labda uikute kileleni Kilimanjaro. Usiongeze pesa kwa ajili yake. Betri zetu zinauawa na joto, linalokausha maji na kula sahani za ndani.

Pesa yako ilinde kwa tarehe ya kutengenezwa. Betri iliyokaa rafuni mwaka mzima bila kuchajiwa imeshaanza kuchoka. Mwombe muuzaji aweke mita mbele yako: ikisoma volti 12.6 au zaidi, chukua. Ikiwa chini ya 12.4, mwambie akupe nyingine.